Tangi la Maji Yaliyopumzishwa

Mwende mwanangu,

Karatasi uliyobandika kwenye mlango wa jikoni nimeisoma. Mistari mitano, kwa mwandiko wako mnyoofu. Samaki wapewe konzi moja asubuhi na nusu konzi jioni. Baridi ya Julai ikija wapunguziwe. Chujio lisuuzwe kwa maji ya kidimbwi, kamwe si ya mfereji. Tangi lifungwe na ufunguo urudi msumarini. Wakionekana wakihema juu ya maji alfajiri, nikoroge maji kwa ule mti wa fagio na kumwita mtu.

Sidhani kuna baba mwingine hapa Donholm anayeachiwa maagizo na mtoto anayeondoka. Mimi sina la kukuagiza. Tangu mama yako atutoke wewe ndiye uliyeendesha nyumba hii, na chuoni utawafundisha wenzako kupanga kabati. Utakula, utavaa sweta, utasali. Hayo nayapita.

Ulikuwepo daktari alipozungumza juu ya figo zangu, lakini alipokutuma dirishani kuchukua dawa aliongeza neno moja. Aliniambia nisipange mambo ya mbali. Nilimuuliza kama Krismasi ni mbali. Akatazama faili lake. Kwa hiyo nakuandikia leo jioni, ukiwa umekwenda kuwaaga watu wa kanisa, kwa sababu kesho utaondoka na basi la asubuhi na huenda hatutapata jioni nyingine.

Na nakuandikia kwa sababu ya sentensi moja. Unakumbuka mwezi wa nne uliponipa barua yako ya kuomba nafasi ya uuguzi ili niisahihishe. Uliandika kwamba rafiki yako alikufa kwa maji machafu. Kisha ukaandika: baba yangu ndiye aliyenifundisha kutofautisha maji mazuri na mabaya. Nilirekebisha mkato mmoja, nikakurudishia.

Sentensi hiyo si kweli, Mwende. Nilipaswa kukwambia siku ile. Sasa unaondoka ukiwa umeijengea maisha, nami siwezi kukuacha upande basi nayo.

Acha nianze na samaki, maana mimi nilianza nao.

Ulikuwa bado mdogo wakati mwanafunzi wangu wa zamani, yule mwenye bustani ya maua, aliponiletea koi sita, samaki wa mapambo, ndani ya mfuko wa plastiki, zawadi ya kustaafu. Nilikuwa nimefundisha kemia miaka ishirini na saba. Nikachimba kidimbwi mahali pa sukuma wiki za mama yako. Mama yako Ndinda alisimama mlangoni mikono kiunoni. "Mwalimu, mboga za watu unazing'oa ili upande samaki?" Nikakisakafia kwa saruji, nikangoja ikauke, nikajaza maji, nikawatia samaki siku hiyohiyo.

Mama Atieno, jirani yetu wa chumba cha nyuma ya nyumba ya pili, alikuja kutazama akiwa bado na harufu ya moshi wa soko la Burma, alikokuwa akipika ugali wa wala nyama.

"Unataka kuniambia hawa hawaliwi?"

"Hawaliwi, Mama Atieno."

"Kwetu samaki akikaa bomani wiki mbili na sufuria haijamwona, majirani huja kuuliza nani mgonjwa."

Mama yako akacheka mpaka akajishika ubavu. "Mwache Mkamba wangu afuge. Kwao mto ni mchanga mtupu. Samaki alimwona kwa kitabu."

Wawili walikufa katika juma la kwanza, ngozi zao zimefunikwa na utando mweupe kama waliomwagiwa maziwa. Saruji mpya hutoa chokaa ndani ya maji. Kidimbwi kipya hujazwa na kumwagwa mara nne, mara tano, kikasuguliwa kwa siki, ndipo samaki akaingia. Mwalimu wa kemia alilijua hilo kwa wino, hakulijua kwa mikono. Watu walipouliza nikasema ndege aliwadonoa.

Wa tatu alikufa kwa mfereji. Maji yalikuwa yamekatika siku nne, na yaliporudi yalikuja yakinuka dawa. Nami kwa furaha nikaingiza mpira kidimbwini na kufungua mpaka mwisho. Samaki hupumua kwa matamvua, na klorini huyaunguza. Asubuhi mmoja alikuwa ubavu juu, na watatu waliobaki wakihema. Nikasema ndege tena. Wa nne alikufa kwa chakula. Mama yako alikuwa ameanza kuugua, akikaa kando ya maji kutwa, na kila walipomjia aliwatupia kitu. Nilijua kwamba kinachobaki huoza na sumu yake hukaa majini, lakini sikuwa na moyo wa kumzuia. Hilo silijutii. Ninalojutia ni kwamba yule naye nilimsingizia ndege.

Angalia, Mwende, uongo ule ulikuwa mdogo kiasi gani. Ndege hana jina na hashtaki. Niliusema ili nisionekane mwalimu asiyejua. Lakini ulimi ulizoea njia.

Wakabaki wawili unaowajua. Yule mweupe wa madoadoa ukamwita Kanga. Yule wa rangi ya machungwa, rafiki yako Atieno alimtazama siku moja akiwa amechuchumaa kwa sare ya shule, akasema, "Huyu ni papai lililoiva, likaanguka majini," na tangu hapo akawa Papai.

Kwa ajili ya hao wawili nikanunua lile tangi jeusi. Nikajifunza kupumzisha maji: yachotwe mferejini, yakae siku mbili kifuniko kimefunguliwa na wavu umetandazwa juu, yakorogwe asubuhi na jioni mpaka harufu ya dawa iishe. Hiyo ndiyo siri yote ya koi kwa mtu anayeanza. Asifuge samaki, afuge maji. Maji yakiwa mazima, samaki atajitunza.

Mama yako alipofariki, nilikuwa nakaa kwenye kigoda chake kando ya kidimbwi. Papai alikuwa akija kufungua mdomo kwenye kidole changu kama alivyofanya kwa kidole cha Ndinda. Nakwambia hili ili ujue nilikuwa mtu gani mwaka ule. Sikwambii ili unionee huruma.

Ndipo yakaja yale majuma matatu bila maji. Unayakumbuka. Mifereji ilikohoa hewa tu. Mapipa ya bafuni yalikwisha siku ya tano. Wewe hukujua kwamba yalikwisha. Kila alfajiri, kabla hujaamka, nilifungua kufuli la tangi, nikajaza birika na ndoo moja, nikamimina ndoo ile pipani ili ukute maji. Tulichemsha, tukanywa, tukapika. Maji yale yalikuwa safi. Hayakuwa na dawa yoyote. Klorini ilikuwa imekwisha kutoka, na moto wa jiko ungemaliza lililobaki. Wewe mwenyewe uliyanywa kila siku.

Jumamosi ya juma la pili Papai alianza kujisugua kwenye ukuta wa kidimbwi, dalili ya vijidudu ngozini. Kidimbwi kilihitaji chumvi, na kilihitaji maji mapya. Nilipiga hesabu ya tangi mara tatu. Niliona yatatosha samaki na sisi wawili mpaka mwisho wa mwezi, tukijibana. Nilipoinua macho, nikamwona Mama Atieno akiingia lango na mtungi wake wa manjano, Atieno nyuma yake na mwingine.

Sikutoka. Nilikaa kitini nyuma ya pazia, nikakuita, nikakwambia kwa sauti ya chini: nenda uwaambie maji ya tangi yana dawa ya samaki, yatamdhuru mtu.

Ulikwenda. Nilikusikia.

"Mama, baba anasema yana dawa."

"Dawa gani?"

Ukageuka kutazama dirisha. Nami nikapaza sauti ya darasani. "Ya vijidudu vya samaki, Mama Atieno! Hata kufulia usijaribu!"

Kisha yeye: "Haya, Mwalimu. Wewe ndiye uliyesoma."

Na Atieno, na kile kicheko chake: "Niaje, Mwende? Kwani Papai anatumia dawa kumshinda nyanya yangu?" Ukacheka. Wakatoka. Niliwaona wakielekea upande wa barabara ya Outer Ring, pale bomba lilipopasuka kando ya mtaro na watu walikuwa wakichota kwa vikombe.

Mengine uliyaona. Jumatano Atieno alianza kutapika. Ijumaa walimpeleka hospitali, ambako wagonjwa walilazwa wawili wawili kwa kitanda. Jumamosi adhuhuri, juma moja kamili tangu asimame mlangoni petu, alikuwa amekufa. Alikuwa na miaka kumi na mitano, kama wewe.

Sijui kama ni maji yale ya mtaroni. Kipindupindu kilikuwa mtaani kote, na angeweza kukipata popote. Hakuna ajuaye. Nimekaa nyuma ya hilo neno "sijui" miaka mitatu, na naweza kukwambia kwamba halisitiri kitu.

Kabla ya kumsafirisha kwao, watu walikusanyika uani kwa sala. Mzee wa kanisa akasema Mwalimu atuambie jambo kuhusu maji. Nikasimama, Mwende. Nikawaeleza habari za kuchemsha, na za kufunika mitungi, na hatari ya kuchota mtaroni. Niliongea vizuri. Akina mama walitikisa vichwa kukubali, mmoja akanishukuru kwa mikono miwili. Mama Atieno alikuwa amekaa chini ukutani, hanitazami.

Jioni ile ulikuja ukakaa miguuni pangu. Ukasema, "Baba, afadhali hatukuwapa yale ya dawa. Ningejilaumu maisha yangu yote."

Nikakushika kichwa. Nikasema, "Ndiyo."

Kati ya yote niliyofanya, hilo "ndiyo" ndilo linaloniamsha.

Unaitwa kwa jina la mama yangu. Hukumwona, alikufa tukiwa bado tunakaa Kaloleni. Alitulea mahali ambapo mto huwa na maji miezi miwili tu, na miezi mingine ni mchanga. Mwanamke alitoka gizani na kibuyu, akachimba kwa kata mpaka mchanga ukalowa, kisha akakaa akingoja shimo lijikusanyie maji, tone kwa tone. Kibuyu kimoja kilichukua asubuhi nzima. Na sheria ilikuwa moja. Akitokea mtu mwenye kiu kabla hujajaza chako, anakunywa yeye kwanza, kisha unaanza tena. Hata kama ni adui. Hata kama jana mlitukanana. Nilimwona mama yangu akimpisha mwanamke aliyemzulia uchawi. Alimtazama akinywa maji ya asubuhi yake yote, akasema tu, "Kunywa polepole, ni baridi." Nikamuuliza njiani kwa nini. Akaniambia shimo si lake, yeye ni mchimbaji.

Hicho ndicho nilichozaliwa nacho. Sikuwa mtu asiyejua. Vitabu vyote nilivyosoma baadaye nilivitumia kutafuta neno la kumfukuzia mtu mwenye mtungi.

Leo mchana, ulipokuwa umekwenda mjini kuchukua tikiti, nilimwita Mama Atieno. Alikuja akijipangusa mikono kwa leso. Akakaa kwenye kigoda cha Ndinda, maana ndicho kilichokuwa karibu, akamtazama Papai.

"Huyu amenenepa."

"Mama Atieno, kuna jambo."

"Sema, Mwalimu. Nimeacha maharage motoni."

Nikamwambia. Nilikuwa nimepanga maneno siku nyingi, lakini yalitoka manne tu: maji hayakuwa na dawa.

Hakushtuka. Aliendelea kumtazama samaki. Baadaye akasema, "Najua."

Nilidhani sikusikia vizuri.

"Najua, Mwalimu. Siku ya pili yake nilipita hapa alfajiri nikienda kazini. Nilikuona na birika. Nikasema, labda anaosha. Kesho yake nikapita tena, makusudi. Ukajaza birika, ukaingia ndani, nikaona moshi wa jiko. Mtu hachemshii samaki chai."

"Na hukusema."

"Ningesema nini? Atieno alikuwa bado mzima. Nilikasirika tu, kama mtu anavyomkasirikia jirani. Nikasema nitakuja kukuchamba maji yakirudi." Akapangusa tena mikono kwa leso. "Kisha akaugua. Basi hasira ile ikawa ndogo, haikutosha. Nikangoja uje mwenyewe. Kila nikisikia lango lenu, nasema leo. Uani ulisimama ukafundisha watu kuchemsha, nikasema, baada ya hapa atakuja. Miaka mitatu, Mwalimu."

Nikamwomba anisamehe. Akanitazama kwa mara ya kwanza.

"Usinipe kazi nyingine. Mimi napika watu mia kwa siku." Kisha akauliza, "Mwende anajua?"

"Hajui."

"Mwambie kabla hajaondoka. Yule mtoto hunisalimia kama mtu aliyeniokoa. Naitikia, lakini inanichoma."

Akasimama. Mifereji imekauka tena tangu Jumatatu, kama unavyojua, na tangi limejaa. Nikauchukua ufunguo msumarini nikamnyooshea. Nikamwambia achote, yote, leo na kila siku.

Hakuupokea.

"Mimi nilishakuja na mtungi mlangoni kwako," akasema. "Sasa uniletee wewe."

Akaenda kuepua maharage yake.

Nilikaa hapo kwa muda mrefu. Nilifikiri nikungoje, nikuambie ubebe. Una mabega yenye nguvu, ingekuwa safari moja, dakika tano. Nilikuwa nimekwisha kufungua mdomo moyoni: Mwende, mpelekee Mama Atieno maji. Ndipo nikaona nilikuwa nakutuma tena. Siku ile neno langu lilipita kinywani mwako ili mimi nisitoke nje. Ulilisema kwa moyo safi, na kosa lake si lako hata kidogo. Ukianza kulibeba huko chuoni, utakuwa unanibebea mimi, na mimi sitakuwepo kukupokea mzigo. Nakusihi usibebe. Unikasirikie ukitaka, ni haki yako.

Juu ya uuguzi sina la kusema ila hili. Utakutana na watu watakaokuamini kwa sababu umesoma. Watakuuliza, nawe utakuwa umechoka, au una mtu wako unayemlinda, na jibu la kitaalamu litakuwa tayari mdomoni. Sikwambii ufanye nini. Nakwambia tu nilivyokuwa nimekaa: nyuma ya pazia, nikitumia sauti ya darasani.

Naiacha kalamu kidogo.

Nimerudi. Jua limetua na wewe bado hujafika. Nilichota kwa ile ndoo ndogo ya kulishia, maana kubwa siiwezi. Nilipumzika langoni, nikapumzika tena kwenye ukuta wa jirani, na mara ya tatu nikakaa kabisa chini, ndoo kati ya miguu, na kijana mmoja akapita akasema, "Mzee, lete nikusaidie." Nikamwambia hapana. Njiani yakamwagika mengi. Nilipobisha kwa Mama Atieno ndoo ilikuwa nusu, na suruali yangu imelowa kama ya mtoto.

Alifungua. Akaitazama ndoo, akanitazama mimi.

"Weka hapo," akasema.

Nikaiweka. Akachukua kikombe, akachota, akanywa kile kikombe chote akiwa amesimama, hakuyachemsha. Kisha akamimina yaliyobaki kwenye mtungi wake, akanirudishia ndoo. Nilipogeuka aliacha mlango wazi mpaka nikafika langoni. Labda aliogopa nitaanguka. Sijui, na sitaki kujiongezea.

Kesho nitapeleka tena, ukiwa umekwenda. Na keshokutwa, mpaka miguu ikatae. Majirani wengine nimewaambia wachote wenyewe. Papai na Kanga wana maji ya juma moja hivi, na yule mwanafunzi wangu wa maua nimemwandikia aje awachukue akiweza kuwahi. Asipoweza, wewe usirudi kwa ajili yao.

Ukiona mwandiko umeyumba kuanzia hapa juu, ni mkono uliobeba ndoo. Na kwenye karatasi yako ya mlango wa jikoni utakuta nimefuta mstari wa nne, ule wa kufunga tangi na kurudisha ufunguo msumarini. Kufuli nimelitupa. Mistari minne iliyobaki nitaifuata kama ulivyoiandika.

Baba yako